Ukanda wa Mama kwenye Usukani wa Maji

Mtu akiniambia kwamba ukuta wa mto Chepkeno ulijengwa na Bwana Vigingi, mimi humuuliza: alibeba jiwe lipi? Anionyeshe hata moja, lile dogo kabisa. Mama yangu Chepchirchir aliyabeba mawe yale mgongoni, kamba ya ngozi ikimkata paji la uso, na mimi Jeruto bintiye nilikuwa nyuma yake na karai la mchanga kichwani. Kwa hiyo nisidanganywe. Tulijenga kwa mikono yetu ukuta uliotunyima maji, na kila nikikumbuka damu hunichemka, na sioni sababu ya kuipoza ili msomaji akae vizuri kwenye kiti chake.

Tulikuwa maskwota kwenye shamba la mkonge, juu ya Rongai, pale vilima vinapoanza kupanda. Baba alikufa mapema, akamwachia mama ng'ombe wachache, kaka yangu Kimaiyo, na mimi. Kwa karatasi, hata kivuli chetu kilikuwa cha kampuni. Lakini mto ulipita chini ya boma letu, katikati ya mawe, na kando yake palikuwa na udongo mweupe wa chumvi ambao ng'ombe wa nyumba zote za pale walikuja kulamba. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mto ule una mwenyewe. Mama alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na mikono yake ilikuwa mipana hata wanaume walimfuata kila ng'ombe aliposhindwa kuzaa. Aliingiza mkono, akamvuta ndama, akanawa mtoni, akarudi kwenye jembe lake bila kungoja asante. Watu walimwogopa kidogo. Mimi pia.

Mwaka wa hamsini na moja wenye shamba walileta meneja mpya. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, na popote alipokwenda alikuwa na furushi la vigingi vya mtarakwa na nyundo, ndipo tukamwita Bwana Vigingi. Alivipigilia ubavuni mwa kilima, kuanzia kwenye kona ya mto juu yetu, akapita nyuma ya mashamba yetu, mpaka kwenye ukingo wa genge huko chini. Hakumwambia mtu ni vya nini. Basi mama alipoona kigingi kizuri kimekaa bure nyuma ya boma, akafungia ndama. Siku ya pili akaona kingine, akafungia mwenzake.

Bwana Vigingi aliporudi na darubini yake ya kupimia, akakuta mstari wake wote una ndama wa Chepchirchir. Akapiga kelele hadi mishipa ikamsimama shingoni. Mama akamtazama tu.

"Wewe umekuja kupanda miti nyuma ya nyumba yangu bila hodi," akamwambia, "halafu unanigombeza mimi?"

Tulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka, lakini hakutufukuza pia, maana alihitaji migongo yetu. Akaita baraza.

Pale ndipo tulipoambiwa habari ya stima, umeme wa maji. Kiwanda cha kukwangua mkonge kilikuwa kinaendeshwa kwa injini ya mafuta, na mafuta ni ghali. Mto Chepkeno ulikuwa unashuka genge bure. Bwana Vigingi alitaka kuuzuia kidogo kule juu kwa ukuta, auingize kwenye mfereji wa ubavuni, kisha auangushe kwa bomba mpaka kwenye mashine chini ya genge. Alisema kwa Kiswahili kile cha wazungu:

"Mimi hapana iba maji. Mimi naazima tu. Maji naingia mfereji, nakwenda kwa bomba, nazungusha mashine, halafu narudi kwa mto. Yote. Hata kikombe moja hapana potea."

Na alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alisema kweli.

Mzee Kosgei, aliyekuwa msemaji wetu, akatikisa kichwa kukubali. Mtu wa kwetu akisikia kuazimana, hufikiri ng'ombe. Unampa mwenzako ng'ombe wako amtunze na kumkamua, lakini ng'ombe ni wako, na mwanao akilia njaa unakwenda kwa yule bwana na kibuyu chako, naye anakukamulia, tena anakukaribisha. Hakuna mtu aliyewahi kuazimisha ng'ombe akafa njaa huku anamtazama akikamuliwa. Wazee wakadhani Bwana Vigingi anajua adabu hiyo. Angeijulia wapi?

Mama aliuliza kutoka upande wa wanawake: "Hayo maji yanarudi mtoni wapi?"

Bwana Vigingi akaonyesha kwa fimbo, chini ya genge.

"Na sisi tulio hapa katikati, kati ya ukuta na genge, tunywe nini?"

Nyumba zetu zote zilikuwa hapo katikati. Meneja akacheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto.

"Mama, wewe nafanyia dirisha. Chini ya ukuta. Maji ya watu na ya ng'ombe napita siku zote. Mimi nasema." Kisha akatema mate kiganjani, alivyoona wazee wetu wakifanya wanapobariki neno, akampa Kosgei mkono. Watu wakapiga makofi. Tukaona huyu ni mzungu mwenye heshima. Ahadi ni deni, wanasema Waswahili. Kumbe linalolipwa ni lile la mnyonge tu.

Sasa nieleze ukuta ulivyojengwa, maana waliokula keki siku ya kuufungua hawajui.

Kiangazi kilipopunguza mto, wanaume walijaza magunia udongo na kuusukuma mto wote upande mmoja. Upande uliokauka ukachimbwa hadi kwenye mwamba, mwamba ukakwanguliwa na kuoshwa, kisha tukaanza kupanga mawe na simiti. Nusu moja ilipokuwa imara, wakahamisha magunia, mto ukapita kwenye lile dirisha la chini, na sisi tukajenga nusu ya pili. Mawe yalipasuliwa kwa baruti kwenye kilima cha pili, na kutoka kule hadi mtoni hakukuwa na gari wala punda. Kulikuwa na sisi. Nyapara alikaa kivulini na kutuhimiza tuimbe. Mama hakuimba hata siku moja. Alisema pumzi ni ya jiwe.

Jirani yetu Wamuyu, Mkikuyu, ndiye aliyemzidi mama kwa kubeba. Wawili hao walilichagua pamoja jiwe la kizingiti cha dirisha, bapa, jeusi, zito kupita yote, wakaliteremsha kwa zamu na kulilaza mahali pake. Wakakaa juu yake wakala viazi. Haikuchukua muda, malori ya serikali yakaja. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na Wakikuyu wote wa mashamba yale waliamriwa kupanda na kile wanachoweza kushika. Wamuyu aliliacha karai lake kando ya njia, limejaa mchanga. Tulitazama lori likitimua vumbi. Mama akalichukua lile karai, akalimwaga penye simiti akasema, "Huu ni wa Wamuyu." Mimi nasema hivi: mwanamke yule alijenga stima ile kuliko mtu yeyote aliyeiwasha, na hakuiona hata siku moja.

Wanaume walichimba mfereji. Ulifuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo sana, hata ukiweka jani juu ya maji linakwenda bila haraka. Mwishoni wakajenga birika kubwa la simiti ili maji yapumzike na kuacha mchanga, maana mchanga hula mashine. Kutoka birikani likashuka bomba la chuma, ambalo mbuzi angeweza kupita ndani bila kuinama. Vipande vyake vilikuja kwa gari la moshi hadi stesheni ya Rongai, vikakokotwa na ng'ombe. Kimoja kiliwaponyoka kwenye mteremko kikaua ng'ombe wawili na kumvunja mtu mguu. Ng'ombe waliliwa siku ile ile. Yule mtu alirudishwa kwao na fimbo ya kutembelea.

Chini ya genge ikajengwa nyumba ya mawe yenye paa la mabati, na ndani yake mashine. Fundi wake alikuwa Wasike, mtu wa upande wa Bungoma, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli Nakuru na kukaa mtaa wa Bondeni huko huko miaka kadhaa. Alipenda kutuonyesha. Maji yanashuka bombani kwa nguvu, yanatokea kwenye mdomo mwembamba, yanapiga vikombe vya chuma vilivyozunguka gurudumu, gurudumu linazungusha jenereta, na stima inapanda kwenye waya. Yakishapiga, maji yanaanguka chini yamechoka, yanatoka kwa mlango wa nyuma na kurudi mtoni.

Kaka yangu Kimaiyo akapewa kazi kule juu ukutani, na kibanda kando yake. Alikwangua majani kwenye vyuma vya mdomo wa mfereji, akatoa mchanga, na kuzungusha usukani wa chuma uliopandisha na kushusha mlango wa lile dirisha. Waya ulivutwa kutoka nyumba ya mashine hadi kibandani kwake, na mwisho wake kengele. Wasike akiona maji yamepungua, anabonyeza, na Kimaiyo anajua. Upepo ukiwa upande wetu, hata sisi tuliisikia.

Siku ya kufungua walichinjwa fahali, wageni wakaja kutoka Nakuru, taa zikawaka nyumba kubwa ya meneja, kiwandani, na hata kwenye zizi la farasi. Waya zilipita juu ya paa letu la nyasi, kwenye nguzo za miti ya blugamu, na hazikusimama. Mama alitazama juu, akatazama dirishani mwa ukuta, akaona maji yanapita, akasema sawa. Yeye alitaka maji tu. Taa wakae nazo.

Na kwa misimu michache mambo yalikwenda. Mvua zilikuwa nzuri, mto ukatosha wote. Mimi nikaolewa na Kipkorir, mkata mkonge, nikaandikwa kazi ya kufua na kupiga pasi nyumba kubwa, kisha ya kuhudumu mezani. Ningesimulia kwamba tulisahau kuogopa, lakini mama hakusahau. Kila asubuhi alishuka kutazama maji kabla ya kukamua.

Kisha kampuni ikaleta mashine ya pili ya kukwangua mkonge, na mwanzo wa mwaka wa hamsini na sita mvua zikagoma. Mto ukawa mwembamba. Nyumba kubwa taa zikaanza kuwa nyekundu kama makaa yanayozimika, na Memsaab, mke wa meneja, akalalamika kwamba hawezi kusoma. Kengele ya Kimaiyo ikalia na kulia. Amri ikaja: funga dirisha.

Kimaiyo alilifunga nusu kwanza. Kengele ikaendelea. Akalifunga lote.

Wewe uliyeona mto siku zote hujui mto ukifa unanukaje. Siku za kwanza mawe yalibaki na unyevu, vyura wakalia. Kisha vidimbwi vikawa vya kijani, ng'ombe wakasimama ndani yake na kuvichafua, watoto wakanywa humo humo wakaharisha. Wanawake tulichimba mashimo kwenye mchanga kwa vijiko na kukaa tukingoja. Ng'ombe wakalamba chumvi bila maji ya kushushia, wakalia usiku kucha. Na juu yetu, kwenye ubavu wa kilima, ambako aliyeonekana akichota alifukuzwa shambani, tulisikia Chepkeno nzima ikipita mferejini, baridi, safi, inakwenda kumwashia mzungu taa ya farasi.

Tulipeleka ng'ombe chini ya genge, pale maji yanaporudi. Meneja alikuwa amezungusha waya wa miiba pale, na askari amesimama. Ng'ombe waliopenya walikamatwa. Mzee Kosgei akaenda nyumba kubwa kukumbusha neno. Mimi nilikuwa nikikung'uta zulia barazani, nikasikia jibu.

"Mimi nasema nitarudisha, mimi narudisha," akasema Bwana Vigingi. "Maji yote iko pale chini. Hapana potea hata kikombe moja."

Kosgei aliuliza habari ya dirisha. Meneja akasema dirisha lipo, hajalibomoa. Na yule mzee, aliyepewa mkono wenye mate mbele ya watu, akashuka ngazi akijishika ukutani. Nilitamani nimpige meneja na ile fimbo ya zulia. Mpaka leo natamani.

Nyumbani mambo yakafika shingoni. Ng'ombe mkubwa wa mama alizaa ndama mwenye afya, lakini maziwa hayakushuka, na ndama akafa akinyonya kidole cha mama. Jioni hiyo Kimaiyo alikuja. Alikuwa amekonda kuliko sisi, kwa sababu sisi tulikosa maji na yeye alikosa usingizi.

"Fungua lile dirisha," mama akamwambia.

"Mama, nikifungua nafukuzwa kazi, na nyinyi mnafukuzwa shambani. Tutakwenda wapi na Hali hii ya Hatari?"

"Na ukifunga?"

Kimaiyo akainuka, akarudi kibandani kwake. Simlaumu. Mwenye nguvu mpishe, na yeye alikuwa amewekwa mahali ambapo angempisha nani?

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, mapumziko yangu. Mama alioga kwa maji ya kikombe, akajipaka mafuta, akaufunga leketyo wake kiunoni. Huo ni ukanda wa ngozi ulioshonewa simbi na shanga, ambao mwanamke wa kwetu huvaa akiwa na mimba na akishazaa. Mhubiri wa misheni aliwahi kumwambia auchome, akamjibu kwamba Mungu aliyempa watoto aliuona ukanda huo miaka yote na hajalalamika. Ukanda wa mama haukanyagwi. Wanaume wakipigana, mama akiulaza katikati yao, vita vimekwisha; atakayeuvuka amemvuka aliyemzaa, na hakuna baraka itakayomfuata tena. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza wakati huo, na katika ukoo wetu ukanda ule ulikuwa uje kwangu.

Nilimfuata hadi ukutani. Kimaiyo alikuwa mbali kwenye mfereji akikwangua majani. Mama akapanda juu ya ukuta alioujenga, akaushika usukani kwa mikono yake ile ya kuvuta ndama, akauzungusha. Ulilia, ukakataa, kisha ukalegea. Maji yakatoka dirishani kwa mshindo, yakapiga jiwe lile jeusi la Wamuyu na kuteremka kwenye mawe makavu. Tukasikia vigelegele kutoka maboma ya chini, vikishuka nyumba kwa nyumba jinsi maji yalivyozifikia. Mama akaufungua ukanda kiunoni, akaupitisha kwenye usukani na kwenye nguzo yake, akaufunga fundo. Akakaa chini.

Kengele ikaanza kulia kibandani.

Kimaiyo alikuja mbio. Alipouona ukanda akasimama. Akavua kofia. Mimi niliona macho yake, na naapa kwamba yalikuwa ya mtu aliyepata nafuu. Akaja akakaa kando ya mama, na kengele ikaendelea kulia peke yake, sote watatu tunaisikiliza.

Halafu tukamwona Wasike anapanda njia ya mfereji, anahema.

"Kimaiyo, bwana, kwani umekufa? Gurudumu linalegea kabisa! Meneja amenipigia simu mara mbili, kiwanda iko na kazi leo."

"Usukani umefungwa," Kimaiyo akasema.

Wasike akauona. Akamwamkia mama kwa adabu, kisha akauliza kile ni kitu gani. Kimaiyo akamweleza. Fundi akajifuta jasho.

"Sasa mimi si mtu wa kabila yenu," akasema mwishowe. "Hiyo laana hainijui."

"Basi fungua," mama akamwambia.

Wasike akatazama mikono yake iliyojaa grisi, akaificha nyuma. "Lakini hata mimi nilizaliwa, mama. Wacha nikamwambie imenishinda." Akashuka alikotoka.

Huyo alikuwa mgeni, hakutudai wala hatukumdai, na alitambua mama anapomwona. Ndiyo maana sikubali mtu akisema kwamba meneja hakujua. Alielezwa. Wasike alimweleza, na alipofika na Landrova yake Kimaiyo akamweleza tena, kofia mkononi, kwamba hii ni mama anaomba, si vita, tuachiwe hata nusu ya dirisha.

Bwana Vigingi alitoa kisu kidogo mfukoni, kile cha kumenyea machungwa. Mama hakuinuka. Alimtazama usoni tu, kama siku ile ya vigingi, na yeye hakumtazama kabisa. Akaukata. Shanga chache zikaanguka majini. Kisha akashika usukani kwa mikono miwili, akaweka na mguu ukutani, akahangaika na kutukana mpaka mlango ukashuka. Kule chini vigelegele vilikuwa havijaisha. Mto ukakatika watu wangali wanaushangilia.

Ukanda akautia mfukoni. Kimaiyo akafukuzwa pale pale, na mama akaambiwa aondoke shambani na ng'ombe wake kabla ya mwezi kwisha. Mimi niliachwa kazini, kwa sababu Memsaab alipenda nilivyonyoosha kola. Nilizinyoosha. Kila kola niliyoipiga pasi niliiona shingo yake ndani.

Haikupita hata wiki mbili, niliingia sebuleni na kitambaa cha vumbi nikauona. Leketyo wa mama, ukutani, kwenye msumari, chini ya taa. Meneja alikuwa ameupeleka kwa fundi wa viatu Bondeni ukaunganishwa kwa uzi mnene mweusi. Taa ya stima iling'arisha zile simbi moja moja. Kila jioni walipowasha, Chepkeno yetu ilizungusha gurudumu ili ukanda wa mama upendeze.

Sikumwambia mama. Nilidhani nitamkinga.

Jioni waliyohama, nyumba kubwa ilikuwa na wageni. Kimaiyo alikuwa amepata kazi ya kukamua kwenye shamba moja Dundori, na kwa sababu ya joto walikuwa wanasubiri jua lishuke ndipo waswage ng'ombe. Mkokoteni ulikuwa njia panda, mume wangu Kipkorir akiwasaidia kufunga mizigo. Mimi nilikuwa mezani na bakuli la supu. Mgeni mmoja, mama mnene, akaunyoshea ukanda kidole na kuuliza. Bwana Vigingi akainua glasi. Alijibu kwa Kiingereza, lakini nilikuwa nimeishi ndani ya Kiingereza chao miaka. Maneno ya mto na wanawake niliyajua, na neno la zawadi nililijua vizuri, kwa maana kila Krismasi walilisema kutwa. Aliwaambia ni zawadi. Wanawake wa mtoni walimpa, kumshukuru kwa stima.

Nikaliweka lile bakuli chini. Sikulivunja, mimi si mtu wa kuvunja vyombo. Nikapita nyuma ya viti vyao, nikaushusha ukanda kwenye msumari, nikajifunga kiunoni juu ya aproni yao nyeupe, mbele yao wote.

"Jeruto!" meneja akasema. "Weka hiyo!"

Nilijua kwamba kabla ya kesho mimi na Kipkorir tutakuwa njiani pia. Nikatema mate kiganjani, nikamnyoshea mkono pale mezani.

"Mimi hapana iba, Bwana," nikamwambia. "Mimi naazima tu. Nitarudisha."

Hakuupokea. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko taa za kiangazi. Nikatoka kwa mlango wa mbele, ambao sikuwahi kuupita ila kwa kuupiga deki.

Njia panda nilimsimulia mama yote, nikilia kwa hasira. Hakunipongeza. Alipapasa mahali palipokatwa, akakuta ule uzi mnene.

"Nani ameshona vibaya hivi?" akauliza.

Nikamwambia. Akaufungua kiunoni mwangu, akanivua ile aproni na kuitupa kwenye majani, akaufunga ukanda upya panapostahili, juu ya tumbo, akakaza mpaka nikashtuka. Kisha akawaswaga ng'ombe wa mbele. Tulivuka Chepkeno kwenye kivuko chetu cha siku zote, watu na ng'ombe, na hakuna aliyelowa mguu. Nyuma yetu nyumba kubwa ilikuwa imewashwa taa zote.